Simu Haiingii Majini

Benchi letu ni mlango. Zamani ulikuwa mlango wa stoo ya Mhandisi, ukang'oka bawaba, ukalazwa juu ya matofali, na kitasa chake hakijatoka mpaka leo, kwa hiyo anayechelewa kufika ndiye anayekalia kitasa. Liko pale konani, kati ya saluni ya kinyozi na kibanda cha kuchajia simu, na mimi fundi viatu niko mbele yake na sindano yangu na gundi yangu. Asubuhi hiyo tulikuwa wote. Alikuwepo Waziri, tarishi mstaafu, ambaye hajawahi kukabidhiwa hata wizara ya ufagio lakini kila jambo kwake ni kamati. Alikuwepo Tetesi, kinyozi wetu, ambaye akikunyoa nusu kichwa anakuacha kitini atoke nje kuuliza kuna habari gani. Na Mhandisi, mwenye kibanda cha chaji, aliyepewa jina hilo siku aliyogusa waya na umeme wa mtaa mzima ukarudi papo hapo, kwa bahati yake tu. Halafu Shangazi na birika lake. Ni shangazi wa Mhandisi kwa damu, dada wa baba yake mzazi, na wa sisi wengine kwa kahawa.

Kijiwe chetu kina sheria moja, na aliyeitunga ni Shangazi: bishana utakavyo, ila ukionekana umekosea, vikombe vyote unaosha wewe. Haina rufaa. Mimi nimewahi kuosha kwa kung'ang'ania kwamba popo ni ndege. Waziri ameosha mpaka mikono yake ikawa laini kuliko ya bwana harusi. Ilikuwa sheria nzuri jamani, maana mtu kabla hajapayuka alikuwa anatupia jicho lile beseni, halafu anaanza na neno "nadhani". Sasa Mhandisi, ambaye na yeye alikuwa amechoka kuosha, akaja na simu.

Si simu ya kupigia. Ni simu ya kujibu. Unaiuliza jambo, inakujibu kwa sauti ya dada wa mapokezi, taratibu, bila kukohoa, na haijui kusema nadhani. Tangu siku hiyo hakuna aliyekosea tena kijiweni. Ukimwambia mtu umekosea, anakujibu, "Siyo mimi, ni simu." Tetesi aliiuliza namna ya kumnyoa bwana harusi, na bwana harusi akafunga ndoa amevaa kofia ya baba mkwe. Siyo mimi, ni simu. Shangazi alitaka kujua kama aanike mkaa wake, Mhandisi akaiuliza, ikasema jua litakuwepo la kutosha, na mvua ikanyesha mpaka kuku wakabisha hodi. Mkaa ukawa uji. Siyo mimi, Shangazi, ni simu. Na yenyewe ukiilaumu inasema, "Pole sana kwa usumbufu uliojitokeza," kwa sauti tamu mpaka unajikuta umeijibu ahsante. Vikombe akawa anaosha Shangazi peke yake, na mgongo wake sote tunaujua.

Basi asubuhi hiyo akamimina raundi ya kwanza, akakaa juu ya ndoo yake, akasema:

— Hili birika ndilo la mwisho. Likiisha hamjaniambia hiyo simu mnaiweka chini ya sheria gani, mimi nahamia getini hospitali.

— Shangazi! — tukalia wote.

— Shangazi nini? Kule wagonjwa hawabishani. Mtu anakunywa, anashukuru, anakwenda kuchomwa sindano.

Moyo ulinishuka, nasema kweli. Bila Shangazi lile benchi ni mlango tu uliolala.

Waziri akasimama, akajifuta midomo.

— Tuunde kamati.

— Ya nani? — akauliza Tetesi.

— Ya sisi. Mimi mwenyekiti. Na wahenga walishasema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, kwa hiyo tusiwe na haraka. Shangazi, niongeze, kichwa kipate moto.

Shangazi akamwongeza. Birika likapungua. Nilimtazama Waziri kwa jicho baya, hakuliona.

— Mnajisumbua bure, — akasema Mhandisi, simu ikiwa mkononi. — Teknolojia ni kama maji. Maji huwezi kuyaambia yasimame.

— Yanaambiwa, — nikasema. — Bomba lina koki.

— Fundi, wewe shona viatu.

— Nashona kwa mikono. Masikio hayana kazi.

Tetesi akaangalia huku, akaangalia kule, akashusha sauti kama mtu anayetaka kukopa.

— Hebu niwaulize. Mnajua kwa nini simu ikiwa kwenye chaji inapata joto?

— Umeme, — akasema Mhandisi.

— Umeme wapi! Zinabishana. Kwani sisi tukibishana hatupati joto? Sasa wewe usiku unazilaza simu za mtaa mzima kwenye waya mmoja. Lile ni bunge! Asubuhi kila moja inarudi mfukoni kwa mwenyewe ikiwa na msimamo wa pamoja.

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole. Lakini Waziri hakucheka. Alikuwa anatikisa kichwa kama hakimu aliyeletewa ushahidi.

— Na ajenda yao ni nini?

— Vichwa, — akasema Tetesi. — Mimi ni kinyozi, mambo ya vichwa usinibishie. Siku hizi vichwa vimekuwa vyepesi! Namgusa mteja kidogo ageuke kushoto, anazunguka mzima mzima. Hakuna kitu ndani cha kumzuia. Vyote kavihamishia kwenye simu.

— Kwa hiyo zinakusanya akili.

— Zinakusanya! Na zikishajaa, kinachofuata ni nini? Nywele! Kitu chenye akili lazima kiote nywele. Siku simu zikiota nywele, nani atazinyoa? Zitanyoana zenyewe kwa zenyewe. Mimi kazi sina, watoto wangu watakula nini?

Hapo sauti yake ilitetemeka kidogo, na nikaona kwamba ndani ya upuuzi wote ule kulikuwa na kitu kilichomnyima usingizi kweli.

— Napendekeza zichajiwe mbalimbali, — akaendelea. — Kila moja na chumba chake, kama majogoo.

— Chumba ninacho kimoja, — akasema Mhandisi, — na mlango wake mmeukalia.

— Mwenyekiti, unamsikia? Kikulacho ki nguoni mwako!

— Ndiyo maana naiweka kwenye shati, — akasema Mhandisi, — siyo kwenye suruali.

Waziri akainua mkono kuomba utulivu, akauinua na mwingine kuomba kahawa.

— Mimi naona dawa ni utambulisho. Mgeni akihamia mtaani anakwenda kwa mjumbe, anasema ametoka wapi, wazazi wake akina nani, nani anamdhamini. Hii ilijitambulisha kwa nani?

— Imetoka dukani, — akasema Mhandisi.

— Duka si kwao. Wazazi wake je?

— Haina wazazi, Waziri.

— Haya, mmesikia! — Tetesi akaruka. — Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hii haina mama kabisa, kwa hiyo imefunzwa na ulimwengu wote kwa mpigo. Ndiyo maana inajua kila kitu na adabu haina.

— Adabu inayo, — Mhandisi akaitetea. — Inasema pole.

— Pole inaosha kikombe? — akauliza Shangazi, bila hata kugeuka.

Tukanywa kimya kidogo. Kosa hilo, maana tukinyamaza ndipo tunakunywa zaidi, na birika lilikuwa limeanza kulia tupu kila likitikiswa. Waziri ndiye aliyeshtuka.

— Nimepata! Tuifanye mwanachama. Ikae kwenye benchi, iwe na kikombe chake, na sheria iifunge kama inavyotufunga sisi.

Tukaona ina mantiki, Mungu atusamehe. Tetesi akasogea, simu ikaegemezwa kwenye mkebe wangu wa gundi, katikati ya benchi, pahali pazuri kuliko pangu. Shangazi akaombwa aimiminie. Akaimiminia amenuna. Kahawa ikapoa mbele yake, haikuigusa, na Waziri akainywa kwa niaba.

— Sasa ni mwenzetu, — akasema, akijifuta. — Na mwenzetu akikosea anaosha. Ilikosea mvua. Iingie majini.

— Weee! — Mhandisi akaidaka simu akaikumbatia. — Simu haiingii majini!

— Kwa nini?

— Itakufa!

— Ala! Yaani inakosea kama sisi, inaongea kuliko sisi, kikombe inacho kama sisi, halafu ikifika kwenye beseni ina kinga? Mimi nimebeba mafaili ya wakubwa mpaka nimestaafu, na nakwambia, hakuna mkubwa asiyeingia majini!

— Umewaona wangapi wakiingia? — nikamuuliza.

Akafikiri.

— Mimi nilibeba mafaili tu.

— Sikilizeni, — akasema Mhandisi. — Tunagombana nini wakati mjuzi tunaye? Tuiulize yenyewe, wewe tukutawale vipi.

— Hiyo ni kumwomba mwizi akuchagulie kufuli, — nikasema.

— Fundi, viatu!

Akaiuliza. Simu ikajibu pale pale, na furaha tele: "Hilo ni swali zuri sana! Ili kusimamia teknolojia kwa ufanisi, ni muhimu kuwashirikisha wadau wote, kuzingatia uwazi, na kujenga mifumo ya uwajibikaji."

Waziri akakaa chini polepole. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

— Wadau, — akasema. — Jamani, wadau. Maisha yangu yote nilikuwa nalitafuta hilo neno.

— Na huo uwajibikaji ndiyo mdudu gani? — akauliza Shangazi.

— Hilo ni neno la juu, Shangazi. Niongeze kidogo, nilifikirie.

— Kimebaki kikombe kimoja. Na kikombe safi cha kuitilia hakipo.

— Basi natoa hoja, — akasema Waziri haraka, — simu iwe mwenyekiti, mimi niwe makamu wake.

— Mapinduzi! — Tetesi akapiga yowe, taulo begani. — Niliwaambia! Lile bunge la usiku limeshinda! Kesho nywele!

Wakawa wamesimama wote, wanaongea wote, Waziri anagonga kitasa kuomba utaratibu, Mhandisi ameificha simu kifuani kama mtoto mchanga. Ndipo akatokea mama mmoja, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, soli inaning'inia. Hatukuwa tumewahi kumwona. Alisema yeye ni mpishi wa shule, amechelewa jikoni, na kiatu kimemsaliti njiani. Nikampa ndala, nikamkaribisha akae. Ilibaki nafasi ya kitasa tu. Akakalia kitasa, hakulalamika.

— Karibu kahawa, dada, — akasema Shangazi kwa mazoea, halafu akatazama beseni. — Ila utavumilia. Vikombe vichafu.

— Anaosha nani hapa?

Ee bwana we. Tukamweleza, wote kwa pamoja: sheria, popo, kofia ya baba mkwe, mvua, mkaa, bunge la usiku, nywele, wadau. Alisikiliza macho yakiwa kwenye kiatu chake mkononi mwangu, kuhakikisha nashona. Tulipoishiwa pumzi akauliza:

— Sasa hiyo simu ikikosea, anaosha nani?

Tukamgeukia Mhandisi.

— Mimi nimeinunua tu, — akasema. — Sikuitengeneza.

— Aliyeitengeneza yuko wapi?

— Mbali.

— Atakuja kuosha?

— Aah, dada. Yule haji.

— Na mimi niliuliza tu, — akadakia Tetesi kabla hajaangaliwa. — Kuuliza si ujinga.

— Ulinyoa pia, — nikamwambia.

— Kwa maelekezo!

— Mwenyekiti haoshi, — akasema Waziri. — Mwenyekiti anapokea taarifa.

Wakanigeukia mimi. Nikainamia soli. Mimi nilikuwa sijakosea lolote wiki zote zile, ila na kuosha sikuwa nimeosha, na Shangazi nilikuwa namwona kila siku akiinama.

Mhandisi akainong'oneza simu lile swali. "Hilo ni swali zuri sana!" ikasema, halafu ikaanza kuzungusha kile kiduara chake, ikazungusha, ikazungusha, na mpaka nakata uzi ilikuwa bado inazungusha.

Shangazi akasimama. Akachukua kifuniko cha birika, akamiminia humo kahawa iliyobaki, akampa yule mpishi. Mpishi akanywa, akashukuru, akavaa kiatu chake, akakimbilia kwenye sufuria zake. Shangazi akageuza birika juu chini mbele yetu. Halikutoa hata tone.

— Vikombe nawaachia, — akasema. — Vikombe ni vyangu, lakini uchafu ni wenu.

Akabeba jiko na birika, akaondoka. Hakutukana, na bora angetukana.

Kesho yake tulikaa juu ya mlango. Waziri alikuwa analitafuna lile neno lake, "wadau, wadau," mpaka likamwishia utamu. Tetesi alianza kichwa cha mteja mmoja bila kutoka nje hata mara moja, maana nje hakukuwa na habari. Mhandisi hakuwepo. Nilimkumbuka Shangazi, nasema wazi, nilimkumbuka mpaka na kelele zake. Halafu tukasikia maji yanamwagika nyuma ya kibanda.

Tukachungulia. Mhandisi amechuchumaa, mikono ya shati imekunjwa, povu mpaka kwenye nyusi, na simu imewekwa juu kabisa ya rafu, mbali na maji.

"Hatua inayofuata," ikamwambia, "suuza kwa maji safi."

— Nimesuuza!

"Vizuri sana!"

Sisi tulicheka mpaka tukashikana. Yeye hakucheka. Alipanga vikombe ndani ya beseni, akasimama, akaitia simu kwenye shati, akajitwika beseni, akashika njia ya hospitali. Tukamfuata. Waziri akakimbia akakaa mbele, maana msafara bila yeye mbele hauitwi msafara. Tetesi akatoka na mashine mkononi, na nyuma yake mteja wake, taulo shingoni, kichwa nusu, akiuliza wanakwenda wapi na atamaliziwa saa ngapi.

Shangazi tulimkuta getini, juu ya ndoo yake. Watu walikuwa wanakunywa kwenye vikombe vya kuazima, kimya, wanashukuru, wanaingia ndani. Hakuna aliyebisha. Uso wake ulikuwa umepoa kama chai ya jana.

Mhandisi akatua beseni miguuni pake. Shangazi hakusema karibu. Akachukua kikombe kimoja, akakiinua kwenye mwanga, akapitisha kidole ndani, akakitazama kidole.

— Hiki kina utando. Nani kaosha?

Tukasubiri. Niliuona mkono wa Mhandisi ukipanda taratibu kwenye mfuko wa shati. Waziri akamnong'oneza, "Sema kamati." Mkono ukafika mfukoni, ukagusa simu, ukakaa hapo. Halafu ukashuka mtupu.

— Mimi, Shangazi.

— Na mkaa wangu?



— Mimi. Simu ilisema kuna jua, lakini aliyekwambia anika ni mimi. Na mawingu niliyaona.

Shangazi akamtazama huyu mtoto wa kaka yake kwa muda mrefu. Halafu akakirudisha kikombe ndani ya beseni.

— Basi umekosea. Vyote, upya.

— Ndiyo, Shangazi.

Akachuchumaa palepale, anaomba maji. Lakini Shangazi alikuwa ameshasimama, anajifunga kanga kiunoni.

— Siyo hapa, hapa watu wanaumwa. Bebeni jiko, twende.

Mhandisi akabeba jiko. Tetesi akabeba ndoo na mashine, na mteja wake akabebeshwa mkaa, nusu kichwa hivyohivyo. Waziri akatangulia mbele, mikono mitupu, akiwaambia wapita njia wapishe wadau. Beseni nikalibeba mimi, nikavisuuze na mimi vichache, kwa hiari yangu, ingawa kuhusu yule popo bado nina maneno.